Je, Mtu Mzima Aweza Kuanza Upya?

Wengi wetu tumezoea kuyagawa maisha ya binadamu katika mafungu matatu, kama siku igawanyikavyo katika asubuhi, adhuhuri na jioni. Asubuhi ni ya kujifunza, adhuhuri ni ya kufanya kazi, na jioni ni ya kupumzika. Mgawanyo huu ni mzuri kwa utaratibu, walakini una hatari moja. Humfanya mtu aliyefika adhuhuri ya maisha yake aamini kwamba mlango wa asubuhi umekwisha fungwa nyuma yake, na kwamba lililosalia ni kuyarudia yale aliyoyatenda jana mpaka nguvu zimwishie. Hapo ndipo lizukapo swali la insha hii. Je, mtu mwenye umri wa miaka arobaini au hamsini aweza kuanza upya? Na kama aweza, je, ni jambo la heshima kuipata sababu ya kuanza upya katika kitu kama mchezo wa kuigiza alioutazama katika televisheni?

Huenda kijana akadhani kwamba swali hili halimhusu. Atasema, "Mimi nina miaka kumi na sita, adhuhuri yangu iko mbali." Hilo ni kosa kwa sababu mbili. Kwanza, umri ni mgeni asiyepiga hodi. Huingia ndani na kuketi kabla mwenye nyumba hajajua. Pili, hata kama wewe u kijana, waishi pamoja na watu wazima. Baba yako, mama yako, mjomba wako na shangazi yako wamo katika umri huo, na neno moja la kijana aliyesoma laweza kuwapa moyo au kuuvunja. Mimi mwenyewe niliwahi kusema neno kama hilo, na mpaka leo nalikumbuka kwa haya.

Nilipokuwa katika kidato cha pili nilikaa kwa shangazi yangu katika mji mdogo ulio kando ya njia ya reli. Shangazi alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba. Kila alfajiri alipika vitumbua akaviuza kwa wasafiri na wafanya kazi. Na kila jioni alizihesabu fedha zake kwa kuzipanga mafungu mafungu juu ya mkeka, maana hakujua kuandika. Watoto wake wawili walikuwa wamekwisha kuolewa, wakakaa mbali. Mara nyingi nilimkuta ameketi kizingitini, mikono imelala mapajani, akiitazama njia kama mtu amngojaye mgeni ambaye hakuahidi kuja. Hakuwa mgonjwa wala hakulala njaa. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni sababu ya kuitamani kesho.

Siku hizo jirani yetu alinunua televisheni, na shangazi akawa haendi kulala bila ya kupitia kwa jirani kutazama mchezo mmoja wa kigeni ulioonyeshwa kwa mfululizo. Ulikuwa mchezo wa mwanamke mtumishi wa nyumbani, aliyedharauliwa na matajiri wake, ambaye alijifunza kusoma na kufanya kazi ya mikono hata akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na mimi nilikuwa mkalimani. Usiku mmoja, tulipokuwa tukirudi nyumbani, shangazi aliniambia kwamba anataka kwenda kujiandikisha katika masomo ya ngumbaru yaliyofundishwa alasiri katika shule ya msingi ya pale mjini.

Nilicheka. "Shangazi," nikamwambia, "yule ni mwigizaji tu. Mambo yale yametungwa. Mwanamke yule hayuko popote duniani."

Hakukasirika. Alikwenda hatua kadhaa akiwa kimya, kisha akasema, "Najua hayuko, mwanangu. Lakini mimi niko."

Sikuwa na jibu. Miaka mingi imepita tangu usiku ule, nami nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi kuliko mengi niliyoyasoma vitabuni. Katika kurasa hizi nataka kuyapima kwa haki, bila ya kuyapamba, ili tuone kama shangazi alikuwa na hoja au alikuwa na tamaa tu.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kile nilichomwekea mimi, yaani kwamba jambo la kutungwa haliwezi kuwa msingi wa jambo la kweli. Kwa mara ya kwanza maneno haya yasikika kama hekima. Nani ajengaye nyumba juu ya ndoto? Lakini tuangalie tofauti iliyopo kati ya uongo na hadithi. Mwongo hutaka tuamini kwamba lisilokuwako liko. Msimulizi wa hadithi hana haja hiyo. Bibi zetu waliotusimulia habari za sungura na fisi hawakutudanganya, wala hapana mtoto aliyetoka asubuhi yake kwenda msituni kumtafuta sungura yule. Tulichotoka nacho ni akili: tulijua kwamba mdogo aweza kumshinda mkubwa, na kwamba mlafi hunaswa na ulafi wake. Mambo hayo mawili ni ya kweli, ingawa sungura hakusema neno hata moja.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili alipotofautisha kazi ya mwandishi wa historia na kazi ya mtunzi. Alisema kwamba wa kwanza hueleza yaliyotukia, na wa pili hueleza yale yawezayo kutukia. Tofauti hiyo ndiyo jibu la kizuizi chetu. Mtu aliyekata tamaa hana haja kubwa ya kuambiwa yaliyotukia, kwa kuwa yaliyotukia ayajua kwa uchungu. Haja yake ni kuonyeshwa yawezayo kutukia. Basi mchezo wa kuigiza, ukitungwa kwa uaminifu, hauwi uongo, ni dirisha. Dirisha halimpeleki mtu popote, lakini aliye gizani hawezi kuijua njia kama hapana dirisha.

Ili tusizungumze kwa maneno matupu, tutazame mambo yaliyotukia katika nchi ya Peru, huko Marekani ya Kusini. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 televisheni ya nchi hiyo ilionyesha mchezo wa mfululizo ulioitwa Simplemente María, maana yake Maria tu. Mwigizaji Saby Kamalich alikuwa Maria, msichana maskini aliyetoka shamba akaenda mjini kuwa mtumishi wa nyumbani. Akadanganywa na kijana wa watu wenye mali, akaachwa na mtoto wa kulea peke yake. Badala ya kulia mpaka mwisho wa mchezo, Maria alijifunza kusoma kwa mwalimu wa masomo ya jioni, akajifunza kushona kwa cherehani, na kwa miaka mingi ya kazi akawa mbunifu mashuhuri wa mavazi. Mwisho, baada ya kumngojesha sana, aliolewa na mwalimu yule.

Watu wa Peru waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Siku ya kupiga picha za harusi ya Maria katika kanisa moja la mji wa Lima, umati mkubwa ulifurika nje, wengine wakichukua zawadi kana kwamba wanakwenda harusini kweli. Hilo laweza kutuchekesha. Lakini lilikuwako jambo jingine lisilochekesha. Watumishi wa nyumbani, waliokuwa wakiutazama mchezo ule baada ya kuosha vyombo vya wakubwa wao, walianza kwenda kujiandikisha katika masomo ya kusoma na katika masomo ya kushona. Cherehani za Singer, za namna ile aliyoitumia Maria, zikanunuliwa kwa wingi. Hapana serikali iliyoamuru jambo hilo, wala watungaji wa mchezo hawakulikusudia. Walikusudia kuwafurahisha watu tu. Lakini mwanamke aliyekuwa hajapata kumwona mtu mwenye hali kama yake akitajwa kwa heshima alipomwona Maria, alijiuliza: "Na mimi je?"

Habari hiyo ilimfikia Miguel Sabido, mtayarishaji wa michezo wa nchi ya Meksiko. Yeye aliwaza hivi: ikiwa mchezo usiokusudia kufundisha umewafundisha watu kiasi hicho, utafanya nini mchezo uliokusudia? Wakati huo serikali ya Meksiko ilikuwa na mpango wa elimu kwa watu wazima ambao hawakupata kumaliza shule, nao walipewa vijitabu wakajifunza. Mpango ulikuwako, vijitabu vilikuwako, lakini wanafunzi walikuwa haba. Basi katika mwaka 1975 na 1976 Sabido alitoa mchezo wa mfululizo ulioitwa Ven conmigo, yaani Njoo Pamoja Nami, ambao wahusika wake walikuwa watu wazima wanaorudi darasani, wenye hofu na haya na kazi nyingi za nyumbani.

Siku moja katika mchezo huo watazamaji walielezwa mahali vijitabu vinapopatikana. Kesho yake watu kwa maelfu walifika mahali hapo katika mji mkuu, hata vijitabu havikuwatosha na magari yakakwama njiani kwa saa nyingi. Mwaka uliotangulia mchezo, waliojiandikisha walikuwa kiasi cha laki moja hivi. Katika mwaka wa mchezo, walizidi laki nane. Tuzifikiri hesabu hizo kidogo. Watu hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwako tangu zamani, na ujinga wao wa kusoma waliujua tangu zamani, na haja ya elimu waliijua pia. Hawakukosa habari. Walikosa mfano wa mtu kama wao aliyethubutu.

Mtaalamu Albert Bandura, aliyefundisha elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ndiye ambaye mafundisho yake Sabido aliyatumia. Katika mwaka 1961 Bandura aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa, kisha akawaacha watoto hao na mwanasesere kama yule. Wengi walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Kwa majaribio kama hayo alionyesha kwamba binadamu hajifunzi kwa kuadhibiwa na kutuzwa tu. Hujifunza pia kwa kuwatazama wengine. Tena baadaye alifundisha kwamba mtu hushika jambo gumu kwa kadiri aaminivyo kuwa aliweza. Imani hiyo haipatikani kwa kumtazama shujaa asiyeshindwa kamwe. Hupatikana kwa kumtazama mnyonge wa namna yetu, akijikwaa, akiinuka, akijikwaa tena, na mwisho akifika.

Lakini jaribio la mwanasesere latuonya pia. Jicho lililojifunza wema kwa kutazama laweza kujifunza uovu kwa njia ileile. Michezo mingi ya televisheni huonyesha mali isiyotokwa na jasho, mapenzi yasiyo na uaminifu, na kisasi kilichovikwa nguo za ushujaa. Mtu mzima aliyechoka na maisha yake aweza kuitazama michezo hiyo akasema, "Na mimi je?" kwa ubaya kama wale wanawake wa Peru walivyosema kwa wema. Kwa hiyo hoja yetu haisemi kwamba kila mchezo ni mwalimu mwema. Yasema tu kwamba mwalimu mwema asikataliwe kwa sababu amekuja kwa sura ya mchezo.

Hata huku kwetu mambo haya si mageni. Katika mwaka 1987 Wakenya walipewa michezo miwili iliyofuata njia ya Sabido: Tushauriane katika televisheni, na Ushikwapo Shikamana katika redio. Katika mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori, mpenda pombe na wanawake, aliyeuharibu mwili wake na nyumba yake kwa kutokutaka kubadilika. Alikuwamo pia mke wake, Tunu, aliyevumilia mwanzoni, kisha akaamka, akaanza biashara yake ndogo na kuwalisha watoto wake. Mume na mke hawa walikuwa nyumba moja, umri mmoja na dhiki moja. Mmoja alisema, "Mimi nimekwisha kuwa hivi." Mwingine alisema, "Mimi bado naweza kuwa vingine." Tofauti ya mwisho wao yote ilitoka katika tofauti ya maneno hayo.

Sasa tufikie kizuizi cha pili, ambacho ni kizito kuliko cha kwanza. Msomaji mwenye busara atauliza, "Je, moto wa mchezo haupoi? Je, mtu haamki asubuhi akakuta kwamba alichokuwa nacho jana ni msisimko tu?" Swali hili halifai kuepukwa. Huko Meksiko, mwaka uliofuata baada ya mchezo kumalizika, idadi ya waliojiandikisha ilishuka sana, ingawa ilibaki kubwa kuliko ilivyokuwa kabla ya mchezo. Na huko Peru hapana shaka kwamba si kila aliyenunua cherehani aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Wako walioinunua wakaishona nguo moja, kisha ikakaa pembeni ikila vumbi. Kununua cherehani ni kazi ya siku moja. Kushona ni kazi ya maisha.

Jina la mchezo wetu wa redio lina jibu la kizuizi hiki. Wahenga walisema, ushikwapo shikamana. Mtu aliyeanguka shimoni akinyoshewa mkono, mkono huo haumtoi ikiwa yeye mwenyewe ameilegeza mikono yake. Mchezo wa kuigiza ni mkono unyoshwao mara moja. Kushikamana ni kazi ya aliye shimoni. Ni kosa kuudharau mkono kwa kuwa hautufanyii kazi yote, na ni kosa lililo kubwa zaidi kuungoja ufanye yote. Kiberiti hakipiki chakula. Lakini mwenye kuni, chungu na maji, asiye na kiberiti, atalala njaa sawasawa na asiye na kitu.

Kizuizi cha tatu ni cha umri wenyewe. Watu hutaja methali isemayo, samaki mkunje angali mbichi, wakaifanya kuwa hukumu juu ya watu wazima wote. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Iliwekwa ili kuwahimiza wazazi wawalee watoto mapema. Haikuwekwa ili kuwazuia wazazi wasijifunze. Tena samaki akaukapo amekwisha kufa, hana nia wala haja. Mtu mzima yu hai. Ugumu wake si ugumu wa mfupa mkavu bali ni ugumu wa mazoea, na mazoea yaliyofanywa kwa siku nyingi huweza kufanywa upya kwa siku nyingi.

Ushahidi wa jambo hili tunao nyumbani. Mwezi wa Januari mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila ya malipo katika Kenya, mzee Kimani Maruge mwenye umri wa miaka 84 alikwenda katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akajiandikisha katika darasa la kwanza. Aliketi miongoni mwa watoto ambao wangeweza kuwa vitukuu vyake, amevaa sare kama wao. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na alitaka kujua hesabu. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kunena juu ya elimu mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifariki mwaka 2009, na mwaka uliofuata maisha yake yalionyeshwa kwa ulimwengu wote katika filamu. Tazama mzunguko huu: huko Meksiko mchezo ulizaa wanafunzi, huku kwetu mwanafunzi alizaa mchezo. Yale yawezayo kutukia na yale yaliyotukia si maadui. Hupokezana, kama mtu na kivuli chake wapokezanavyo kutangulia kwa kadiri jua linavyogeuka.

Hata hivyo, jina la kuanza upya hubebeshwa mizigo isiyokuwa yake. Mtu aachaye watoto wake bila ya chakula kwa sababu mchezo umemfundisha kuufuata moyo wake hakuanza upya; amekimbia. Mtu auzaye shamba la jamaa ili aonekane kama tajiri aliyemwona katika kioo hakupata lengo, amepata ugonjwa. Basi yafaa tuwe na mizani ya kupimia. Kwanza, mtu ajiulize kama jambo alilolitamani litabaki kuwa jema mchezo utakapomalizika na taa kuzimwa. Pili, ajiulize ni nani atakayelipa gharama. Ikiwa ni yeye mwenyewe kwa jasho lake, ni vema, lakini ikiwa ni wanyonge wanaomtegemea, aache. Tatu, ajiulize hatua ya kesho asubuhi ni ipi. Lengo lisilokuwa na hatua ya kesho asubuhi si lengo bado. Ni matamanio tu, nayo hayamdhuru mtu ila akiyachukua kuwa ni kazi iliyokwisha kufanywa.

Shangazi yangu alipimwa kwa mizani hiyo bila ya kuijua. Kusoma ni jambo jema hata mchezo ukimalizika. Gharama aliilipa mwenyewe, kwa kuamka saa moja mapema zaidi ili vitumbua viishe kabla ya alasiri. Na hatua ya kesho asubuhi ilikuwa kutembea mpaka shuleni, kuvipita vicheko vya watoto, na kuketi katika dawati lililokuwa dogo kwake. Vicheko hivyo vilikuwa vingi. Cha kwanza kilikuwa changu, na hicho, nadhani, ndicho kilichomwuma zaidi, maana kilitoka nyumbani.

Hakuwa tajiri. Hakuwa mashuhuri. Mchezo wa mtumishi ulikwisha miezi michache baadaye, watu wakauzungumza wiki mbili, wakausahau. Shangazi aliendelea kwenda shuleni miaka mitatu. Alijifunza kuandika jina lake, kisha majina ya watu waliokopa vitumbua, kisha hesabu za unga na mafuta. Akagundua kwamba siku ya Jumatano alikuwa akipata hasara tangu zamani, akaacha kupika vingi siku hiyo. Wanawake wenziwe wa sokoni wakaanza kumletea barua zao awasomee. Jioni hakuketi tena kizingitini akiitazama njia; watu walimjia. Nilipoondoka kwenda kusoma mbali alinipelekea barua ya mistari minne kwa mkono wake, herufi zimesimama wima kama askari wanaoogopa kukosea. Barua hiyo ninayo.

Sasa mimi mwenyewe nimeufikia umri aliokuwa nao usiku ule, nami nimejua jambo ambalo kijana hawezi kuambiwa akalielewa vizuri. Katika adhuhuri ya maisha mtu hapotewi na nguvu kwanza. Hupotewa na sababu. Kazi huendelea kwa mazoea, na watu humwita mtu aliyetulia, kumbe ndani ya nafsi yake pana ukimya. Siku kama hizo zilinifikia. Sikuokolewa na falsafa niliyoisoma. Niliifungua barua ya mistari minne, nikakumbuka mwanamke ambaye hakuwa na kitu cha kumwamsha ila habari ya mtu asiyekuwako, na hiyo ikamtosha kuanzia.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mtu mzima aweza kuanza upya, lakini hawezi kuanzishwa na mwingine. Mchezo, hadithi, wimbo au neno la rafiki vyaweza kumwonyesha njia. Miguu ni yake. Wala si aibu kwamba njia ilionekana mahali padogo. Mbegu haiulizwi imeletwa na mkulima au na ndege. Huulizwa kama imeota.

Nawe kijana usomaye insha hii, huenda jioni ya leo utamkuta mtu mzima wa nyumba yenu akitazama mchezo, na huenda utayaona machoni pake mambo usiyoyatazamia. Labda atakwambia analotaka kulijaribu. Jambo hilo litakuwa dogo, tena litasemwa kwa haya, kama mtoto aombaye ruhusa. Usicheke. Mwulize ataanza lini, na kama ana kalamu.